Maswali ya Wasomaji: Akiba, Kripto na Kubeti Wakati wa Janga

Barua za safari hii zimetoka kwa watu wa kazi mbalimbali, lakini karibu zote zinazunguka jambo moja. Korona ilipofunga kazi, watu walibaki na simu mkononi, muda mwingi na pesa kidogo, na hapo akiba, biashara na kamari vikaanza kuitwa kwa jina moja: uwekezaji. Tumejibu kwa kadiri nafasi ilivyoruhusu, na baadhi ya majibu ni marefu kuliko mengine kwa sababu maswali yenyewe ni mazito zaidi.

Habari za kazi, wahariri. Wakati wa korona kazi zangu zilisimama, nikala kila nilichokuwa nimeweka. Sasa kipato kimerudi. Niweke akiba kiasi gani kabla sijaanza kufikiria mambo ya kripto, hizi sarafu za kidijitali? — Fundi anayejitegemea

Salama, fundi. Anza na matumizi, mapato yatafuata. Chukua daftari, uandike matumizi ya miezi mitatu iliyopita, lakini yale tu ambayo yakikosekana nyumba haiendi: chakula, kodi ya nyumba, dawa, maji, umeme, nauli ya kazini, ada na marejesho ya mkopo. Vocha ya simu iandike ile ya kazi peke yake. Jumlisha, ugawe kwa tatu. Hiyo ndiyo gharama yako halisi ya mwezi, na mara nyingi huwa ndogo kuliko mtu anavyodhani.

Mwenye mshahara wa kila mwezi alenge akiba ya miezi mitatu. Wewe unayelipwa kwa kazi uliyoifanya, lenga sita, maana kipato cha aina yako ndicho hukatika mwanzo na ndicho huchelewa kurudi. Ukiona sita ni mbali mno, lengo la kwanza liwe mwezi mmoja. Huo mmoja tu unatosha kukuepusha na mkopo wa haraka wa simu. Mkopo wa siku 30 wenye ada ya asilimia 10 unaonekana mwepesi, lakini ukiukopa tena kila unapoisha, kwa mwaka umelipa zaidi ya asilimia 120.

Toa akiba siku ile ile unayolipwa, kabla ya kitu kingine chochote. Ukiweka asilimia 10 na kuishi kwa 90, akiba ya mwezi mmoja itatimia baada ya miezi tisa. Ukiweza 20 kwa 80, ni miezi minne. Matumizi ya wiki mbili yakae taslimu nyumbani, kwa sababu siku ya tatizo mtandao nao unaweza kukatika. Sehemu kubwa ikae kwenye akaunti unayoweza kutoa siku hiyo hiyo, lakini isiwe akaunti unayonunulia vitu kila siku. Akiba nyingi hufia hapo: zimechanganywa na pesa ya matumizi, hakuna anayeona zinapopungua. Kripto isiiguse pesa hii hata kidogo, na sababu iko kwenye jibu linalofuata.

Naambiwa Bitcoin, hii sarafu maarufu ya kripto, ni dhahabu ya kidijitali, na kwamba serikali zilipochapisha pesa wakati wa korona, waliokuwa na Bitcoin ndio waliopona. Wahariri mnasemaje? — Mwalimu wa sekondari

Mwalimu, inategemea mtu alinunua lini, na zaidi inategemea alilazimika kuuza lini.

Tarehe 11 Machi 2020 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kuwa korona ni janga la dunia. Siku iliyofuata Bitcoin, iliyoanza siku ikikaribia dola 8,000, ilifunga chini ya dola 5,000, na tarehe 13 ikagusa kama dola 4,000. Ilianguka pamoja na hisa, wakati ule ule. Sababu haikuwa ya ajabu: kila mtu duniani alitaka taslimu. Waliokuwa wamekopa ili kununua kripto waliuziwa mali zao kwa nguvu na masoko, na mauzo hayo yakazidi kuishusha bei. Aliyeweka huko pesa ya kodi ya nyumba aliihitaji wiki ile ile ilipokuwa imepoteza nusu ya thamani.

Baada ya hapo ilipanda kweli. Mwisho wa 2020 ilikuwa karibu dola 29,000, na Novemba 2021 ikafika karibu 69,000. Riba ya benki kuu ya Marekani ilikuwa imeshushwa karibu na sifuri tangu Machi 15, 2020, serikali zilituma misaada ya fedha majumbani, na watu walikuwa wamekaa ndani. Kisha ukaja mwaka 2022. Huo ndio mwaka ambao hoja ya dhahabu ya kidijitali ilipaswa kung'aa, maana mfumuko wa bei Marekani ulifika asilimia 9.1 mwezi Juni. Bitcoin ilipoteza zaidi ya asilimia 60 mwaka huo na kuumaliza chini ya dola 17,000. Riba zilipopanda, pesa iliyokuwa ikitafuta pa kwenda iliondoka.

Wanaoitetea wana hoja moja ya kweli: idadi haitazidi sarafu milioni 21, na kila baada ya vitalu 210,000 (kitalu ni kifurushi cha miamala kwenye daftari la Bitcoin), takriban miaka minne, sarafu mpya zinazotolewa hupungua kwa nusu. Mei 2020 zilitoka 12.5 kwa kila kitalu hadi 6.25, na Aprili 2024 zikawa 3.125. Lakini uchache hauamui bei peke yake. Bitcoin haina kodi inayoingiza wala gawio. Unapata faida tu akitokea wa kuinunua kwa bei ya juu kuliko yako. Kwa maoni yetu si utapeli, na si akiba pia. Ni kubahatisha, na anayejua kwamba anabahatisha atajipangia vizuri.

Ukiitaka, nunua kwa pesa iliyo nje ya akiba ya dharura, na isizidi asilimia 5 ya ulicho nacho. Nunua kiasi kilekile kidogo kila mwezi badala ya kungoja siku ya bei nzuri, ambayo hakuna anayeijua. Kamwe usinunue kwa mkopo wa soko lenyewe. Ukinunua kwa nguvu ya mara 10, yaani soko likikukopesha ununue za mara kumi ya mtaji wako, bei ikishuka kama asilimia 10 mtaji wako wote umekwisha, na bei kushuka asilimia 10 katika kripto si jambo geni.

Halafu angalia zinapokaa. Sarafu zilizo kwenye soko la kubadilishia ni deni unalolidai soko hilo. Hazimo mkononi mwako. Soko la Mt. Gox lilipoanguka mwaka 2014 lilisema limepoteza takriban Bitcoin 850,000. FTX, soko jingine, iliomba kufilisika Novemba 11, 2022, baada ya pesa za wateja kutumiwa na kampuni dada. Wateja waliona salio lao kwenye skrini mpaka siku ya mwisho.

Naomba kuuliza kwa kifupi: noti zinaeneza korona? Mama yangu bado anazifuta kwa dawa. — Msomaji

Korona huenea hasa kwa hewa, kutoka kwa mtu hadi mtu. Kwa noti hatari ni ndogo sana. Mwambie mama anawe mikono kwa sabuni baada ya kushika pesa na kabla ya kula au kujigusa usoni; inatosha. Noti asizifue kwa dawa ya kung'arishia nguo, kwani rangi huchuja na noti inaweza kukataliwa. Mikrowevu ndiyo mbaya zaidi: mwaka 2020 huko Korea Kusini kuna watu waliunguza noti zao namna hiyo.

Shikamooni. Mdogo wangu ana miaka 24. Alianza kubeti shughuli zilipofungwa na hajaacha. Anasema ana mahesabu, kila siku anaweka mkeka wa mechi kumi (beti moja inayoshinda tu mechi zote zikipatikana) kwa dau dogo, na usiku anacheza kindege, ule mchezo wa bahati wa kwenye simu. Nimwambie nini bila kugombana? — Dada mkubwa

Marahaba, dada. Usimwambie kwamba kamari ni mbaya. Hilo ameshalisikia mara nyingi. Kaa naye mezani na kalamu, mfanye hesabu zile ambazo kampuni ya kubeti hufanya kabla yake.

Chukua mechi ambayo pande mbili zina nafasi sawa, nusu kwa nusu. Odi, yaani namba inayozidishwa na dau ukishinda, ya haki ingekuwa 2.00 kila upande. Kampuni itakupa 1.85. Gawa 1 kwa 1.85 upate asilimia 54. Fanya hivyo pande zote mbili, jumla ni 108. Ile 8 iliyozidi 100 ndiyo riziki ya kampuni. Kwa mchezaji maana yake ni kwamba katika kila 100 anayoweka, wastani hurudi 92.50.

Sasa rudini kwenye mkeka. Mechi kumi za odi 1.85 zinazidishana hadi odi ya 470 hivi, na namba hiyo ndiyo humvuta mtu. Lakini nafasi ya kupatia zote kumi, kila moja ikiwa nusu kwa nusu, ni 1 katika 1,024. Analipwa 470 kwa jambo ambalo haki yake ni 1,024. Katika kila 100 wastani hurudi 46. Kwa maneno mengine, kila mechi anayoongeza kwenye mkeka inaongeza makato, na ndiyo maana kampuni hutoa bonasi kwa mikeka mirefu na si kwa mechi moja moja. Ule mkeka uliochanika kwa mechi moja, anaouona kama dalili kwamba alikuwa karibu, ni matokeo ya kawaida kabisa: kati ya mikeka 1,024, kama 10 itachanika kwa mechi moja tu.

Mahesabu yake yanaweza kuwa mazuri kwenye soka. Yangemfaa kama angepatia zaidi ya asilimia 54 ya mechi za aina hii kwa miaka, na wachache sana hufika hapo. Wanaofika, kampuni nyingi huwapunguzia dau linaloruhusiwa.

Kindege hakina mahesabu yoyote. Ligi zilipositishwa Machi 2020, huku ile ya Belarusi ikiwa miongoni mwa chache zilizoendelea, kampuni ziliwasukuma wateja kwenye michezo ya namba za bahati inayochezwa saa 24. Raundi iliyopita haina habari yoyote kuhusu inayofuata. Lile jedwali la matokeo ya nyuma juu ya skrini halimsaidii mchezaji kwa lolote. Wengi pia huelewa vibaya wakisoma kwamba mchezo unarudisha asilimia 97. Hiyo 3 inayobaki hukatwa kwenye kila dau, si kwenye pesa uliyoingia nayo. Akiweka 100 kila raundi, raundi moja kila nusu dakika, kwa saa mbili amecheza raundi 240 na kuweka jumla ya 24,000. Wastani wa hasara ni 720. Huenda aliingia na 1,000 tu.

Na kama anadabo dau kila anapopoteza, mwandikie mstari huu: 100, 200, 400, 800, na kuendelea. Akipoteza mara kumi mfululizo ameshatoa 102,300, na dau la kumi na moja ni 102,400, ili mwishowe apate faida ya 100. Mara kumi mfululizo huonekana mbali, lakini kwa mtu anayecheza raundi mia kadhaa kila usiku si mbali.

Akiwa tayari kusikiliza, mfanye haya kwa mpangilio huu. Kwanza apakue taarifa ya miezi mitatu ya benki au ya pesa za simu, ajumlishe alizotuma kwenye kubeti, atoe alizopokea. Watu hukumbuka walizoshinda na husahau walizotuma, kwa hiyo namba hii lazima itoke kwenye karatasi. Pili, aingie kwenye mipangilio ya akaunti yake ya kubeti, achague kujizuia mwenyewe kwa miezi sita au zaidi. Kizuizi cha saa 24 hakifai, kesho yake ana hamu ileile. Afanye hivyo kwenye kila kampuni aliyojisajili, kabla ya kufuta programu, kwa sababu kufuta programu hakufungi akaunti. Tatu, aombe benki izuie malipo ya kamari kama huduma hiyo ipo, au ashushe kikomo cha kutuma pesa kwa siku. Nne, azuie ujumbe wa matangazo. Bonasi ya 1,000 yenye sharti la kuzungusha mara 10 inamlazimu abeti 10,000, na kwa makato ya asilimia 7.5 anatarajiwa kupoteza 750 akiitafuta hiyo 1,000.

Wewe usimpe taslimu za kulipa madeni. Ukiamua kusaidia, mlipe mdai mwenyewe, mara moja, baada ya akaunti kufungwa.

Mambo yakiwa ni kukimbiza alichopoteza, kudanganya, kukopa kwa siri na kuuza vitu vya nyumbani, hayo yamepita hesabu. Shirika la Afya Duniani limeuweka uraibu wa kamari kwenye orodha yake ya magonjwa, na mshauri wa afya ya akili ndiye wa kumwona. Akitamka kwamba afadhali afe, usimwache peke yake. Mpeleke kituo cha afya siku hiyo hiyo.

Kuna wanaosema vijana wamekuwa wavivu. Hatukubaliani nao. Kijana aliyefungiwa ndani bila kipato, akioneshwa matangazo ya ushindi kila dakika, ametegwa, na baadhi ya serikali ziliona hivyo. Uingereza ilikataza kubeti kwa kadi za mkopo kuanzia Aprili 14, 2020. Hispania, wakati wa hali ya hatari, iliruhusu matangazo ya kamari kati ya saa saba usiku na saa kumi na moja alfajiri tu. Hatua kama hizo zinapaswa kuwepo hata baada ya janga.

Rafiki ameniunganisha na roboti inayofanya biashara ya kripto na kulipa asilimia 2 kila siku. Yeye ameshatoa pesa mara mbili, nimeona kwa macho. Bado ni utapeli? — Muuguzi

Ni utapeli, dada muuguzi, na zile mara mbili ni sehemu ya utapeli wenyewe.

Fanya hesabu ya mwaka mmoja. Asilimia 2 kwa siku, faida ikirudishwa ndani, hugeuza 1,000 kuwa karibu 1,377,000 baada ya siku 365. Mwenye mashine ya namna hiyo hahitaji pesa yako wala ya rafiki yako. Swali la kuuliza kila mara ni moja: pesa ya kunilipa inatoka wapi? Hapa inatoka kwa wanaojiunga nyuma yako. Mpango wa kripto wa BitConnect uliahidi faida ya hadi asilimia 40 kwa mwezi, ukisema una programu ya biashara. Januari 2018 ulifunga huduma hiyo na sarafu yake ikapoteza zaidi ya asilimia 90 ya thamani.

Mpango huwa hivi. Unaruhusiwa kutoa kiasi kidogo, unapata imani, unaongeza mtaji na kuleta ndugu. Ukiomba kutoa kikubwa unaambiwa ulipe kwanza kodi, au ada ya kuhakiki akaunti. Hakuna kodi halali inayolipwa kwa kutuma kripto kwa mtu ili akufungulie pesa yako. Mwambie rafiki yako aombe leo kutoa zote, asibakize kitu, na asiongeze hata senti.

Jina kubwa nalo si dhamana. Julai 15, 2020 wadukuzi waliteka akaunti za Twitter za Barack Obama, Elon Musk na wengine, wakaandika kwamba atakayetuma Bitcoin atarudishiwa mara mbili. Kwa saa chache walikusanya zaidi ya dola 100,000.

Nimetuma USDT, ile sarafu ya kripto inayofuata thamani ya dola, kwenye mtandao usio sahihi. Zimepotea? — Mfanyabiashara mdogo

Inategemea ulizituma wapi. Kama anwani ni ya pochi yako mwenyewe (programu ya kutunzia kripto), na mitandao yote miwili ni ya jamii ya Ethereum yenye anwani zinazoanza na 0x, mara nyingi hazijapotea: ufunguo ni uleule, ongeza mtandao huo kwenye pochi na salio litaonekana. Kama ulituma kwenye soko la kubadilishia, waandikie huduma kwa wateja ukiweka namba ya muamala, kiasi na jina la mtandao. Baadhi hurejesha kwa ada, baadhi hawarejeshi. Anwani za Tron, mtandao mwingine unaobeba USDT, huanza na herufi T, kwa hiyo jicho linaweza kukuokoa mapema.

Safari nyingine nakili anwani, usiiandike kwa mkono. Linganisha herufi sita za mwanzo, sita za mwisho na kadhaa za katikati. Usiinakili kutoka kwenye orodha ya miamala ya zamani, kwa sababu matapeli hutuma kiasi kidogo kutoka anwani iliyotengenezwa ifanane na ile unayoitumia. Tuma kidogo kwanza, ngoja kifike, ndipo utume kilichobaki.

Nililizwa mwaka jana. Juzi amenipigia mtu akisema anatoka kitengo cha kufuatilia kripto, pesa zangu zimepatikana, nilipe asilimia 15 ndipo zitolewe. Ana majina yangu na kiasi nilichopoteza. — Msomaji aliyeumia

Pole sana. Usilipe. Anajua kiasi kwa sababu orodha za walioibiwa huuzwa, au kwa sababu ni kundi lilelile. Muamala wa kripto ukishathibitishwa, hakuna anayeweza kuurudisha nyuma kwa programu yoyote. Kinachowezekana ni kampuni kuzuia pesa zilipofikia: soko la kubadilishia linaweza kufunga akaunti, na Tether, inayotoa USDT, inaweza kugandisha anwani kwa maombi ya vyombo vya dola. Hayo hupitia polisi, na hayalipiwi asilimia kwa mtu aliyekupigia simu.

Kusanya namba za miamala, anwani zilizopokea, picha za mazungumzo na namba za simu, pamoja na hii mpya, upeleke polisi hata kama mwaka umepita. Anayeibiwa leo aripoti ndani ya saa chache, polisi na kwa soko zilikokwenda, maana baada ya hapo pesa huwa zimeshagawanywa kwenye anwani nyingi.

Na kama uliwahi kumtajia mtu yeyote yale maneno yako 12 au 24 ya siri yanayofungua pochi, au kumruhusu aingie kwenye simu yako akiwa mbali, pochi hiyo usiitumie tena. Kubadilisha nywila hakutoshi, kwani mwenye maneno anaifungua popote alipo. Chukua simu nyingine ambayo hajaigusa, tengeneza pochi mpya yenye maneno mapya, yaandike kwenye karatasi bila kuyapiga picha, kisha uhamishie kilichobaki leo hii.